Gracioso si mwenye neema, jamani

Juzi nimeletewa barua niisahihishe kabla haijatumwa. Mwanafunzi wangu wa Kihispania alikaa mwezi mzima nyumbani kwa mama mmoja huko Sevilla, Uhispania, sasa anamshukuru: “Usted es muy graciosa.” Nikamuuliza, ulitaka kusema nini? “Kwamba ni mkarimu, Mwalimu. Ana neema.” Kumbe mama wa watu ameitwa mchekeshaji.

Nimechoka nalo kosa hili. Mtu anaona gracioso, anakumbuka neno la Kiingereza linalofanana nalo, gracious, anafunga kamusi. Mkarimu ni generosa. Tuendelee.

Nakiri neno lenyewe linajitafutia balaa. Gracia ni neema kweli: “llena eres de gracia” ndiyo ile “umejaa neema” ya Salamu Maria. Katika wingi, gracias, ni ahsante. Ila jirani akikwambia “Juan tiene gracia”, Juan hajatakaswa. Anachekesha tu.

Tena wengi hudhani gracia imo ndani ya kichekesho tu. Si hivyo! Kichekesho cha kusimuliwa ni chiste; mzaha wa kumfanyia mtu, kama kumfichia viatu, ni broma. Gracia anayo msimuliaji pia. Watu wawili watasimulia chiste ile ile, neno kwa neno: mmoja anawavunja watu mbavu, mwenzake anaulizwa “halafu?” Wahispania wana methali yao, “más vale caer en gracia que ser gracioso”: afadhali watu wakupende kuliko kujua kuchekesha. Ukishapendwa, hata chiste mbovu utachekewa.

Halafu me hace gracia. Wanafunzi hung'ang'ania kuanza na yo, yaani “mimi”. Kwa nini, nawe kila siku unasema “inanichekesha”? Kitu ndicho kinachotenda, wewe unatendwa tu. Kiswahili kimeshakufundisha bure. Likanushe sasa uone kicheko kinavyoyeyuka. “No me hace gracia que llegues tarde”, yaani “sifurahishwi ukichelewa kufika”, ni mzazi aliyesimama mlangoni saa saba usiku, mikono kiunoni.

Huko Meksiko, badala ya gracioso utasikia zaidi chistoso. Sawa.

Kuna pale ninapokwama mwenyewe. “¡Qué gracioso!”, yaani “anachekesha kweli!”, huwa sifa, huwa kejeli, na sauti ndiyo inayoamua. Nikiletewa kwenye ujumbe wa simu, nabahatisha. Na mcheza dansi akisifiwa kwamba “baila con gracia”, anacheza kwa gracia, ukumbini hacheki mtu. Niliwahi kutafsiri “kwa madaha”, nikafuta, nikaandika “kwa mvuto”, nikayarudisha madaha. Mpaka leo sijaridhika.

Ile barua? Kijana ameniuliza kama afute. Nikamuuliza, huyo mama mwenyewe yukoje?

“Mwalimu, tulikuwa tunacheka mpaka chakula kinapoa.”

Basi iache.