Rehani ya watu: benki za London na utumwa wa Karibiani

Nafundisha historia ya fedha, na wanafunzi huniuliza sana: benki za London zilihusikaje na utumwa, ilhali nyingi hazikuwa na meli wala mashamba ya miwa? Huwa naanzia kwenye rehani.

Mwenye shamba wa Jamaica au Grenada aliishi kwa mkopo. Miwa ikomae, sukari ivuke bahari, iuzwe, ndipo aone fedha. Mfanyabiashara wa London alimkopesha, na dhamana ikawa ardhi pamoja na watu walioilima. Sheria ya Bunge ya 1732 ilimruhusu mdai kukamata vyote viwili. Ndiyo njia ambayo Benki Kuu ya Uingereza, katika miaka ya 1770, ilijipatia mashamba ya Bacolet na Chemin kule Grenada, na watu 599 ndani yake, baada ya mkopaji kushindwa kulipa.

Hivyo Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833 na kutenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki, takriban asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, wadai wa London walijitokeza na hati zao za rehani. Fedha nyingi hazikufika visiwani kabisa.

Fomu za madai ni ngumu kuzisoma. Watu wamepangwa kwa madaraja: mafundi, wafanyakazi wa shambani, watumishi wa nyumbani, wazee na wagonjwa, watoto chini ya miaka 6, na kila daraja lina bei yake. Watoto hao waliachiwa huru tarehe 1 Agosti 1834, lakini mwenye kuwamiliki alilipwa kwa ajili yao pia. Wakubwa hawakupata hata senti; walilazimishwa kumfanyia kazi bwana yuleyule hadi 1838.

Nasi wa pwani tumo humo. Wamiliki wa Morisi, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilichokuwa koloni la Uingereza, walipata zaidi ya pauni milioni 2, na watumwa wengi wa kisiwa hicho, au wazazi wao, walitoka Madagaska, Msumbiji na Kilwa.

Serikali ilikopa pauni milioni 15 kati ya zile milioni 20 za fidia mwaka 1835 kupitia Nathan Rothschild na Moses Montefiore, matajiri wa fedha wa London. Deni lililobeba mkopo huo lilimalizika kulipwa mwaka 2015, kwa kodi za Waingereza wote, wakiwemo vizazi vya watumwa wenyewe. Mwaka mmoja kabla, nchi za CARICOM, jumuiya ya mataifa ya Karibiani, zilikuwa zimetoa madai yao kumi ya fidia, na mojawapo ni kufutiwa madeni. Kwa mtu anayeshinda na hati hizi, hilo ni dai la haki kabisa.