Ukikopi, data inakaa wapi hasa?

Wengi wanaoanza kuandika programu za desktopu wanaichukulia klipubodi, yaani pale kinapokaa ulichokopi, kama ndoo flani hivi, we unamimina mwenzako anakuja kuchota, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka bagi moja ikaninyoosha, nitaisema hapo chini.

Ukikopi aya yenye rangi na herufi nene, programu haiweki kitu kimoja, inaweka kilekile kwa sura kadhaa, RTF (maandishi na mapambo yake), HTML (ya kurasa za wavuti), na maandishi matupu ya Yunikodi, halafu anayepesti ndo anachagua anayoiweza. Ndo maana ukipesti Notepad rangi zote zinayeyuka. Anza na fomati iliyobeba mengi ndo ushuke kwenye nyepesi, maana Windows inaziorodhesha kwa mpangilio uleule uliouweka na programu nyingi zinadaka ya kwanza zinayoielewa.

Hatua zenyewe Windows ni fupi: OpenClipboard unafungua, EmptyClipboard unaondoa vya zamani, SetClipboardData unaweka data, CloseClipboard unafunga, basi. Wanapoumia wengi ni kwenye memori, ukishaikabidhi kwa SetClipboardData sio yako tena, ukiifuta mwenyewe (free) umejichimbia kaburi. Na usikae umeifungua klipubodi huku unafanya mambo yako, wenzako wote wanabaki nje.

Sasa utamu wenyewe. Kama data ni nzito, sio lazima uitengeneze saa hiyohiyo, unapitisha NULL, yaani tupu, mahali pa data, yaani unaahidi tu, na siku mtu akipesti unaletewa meseji ya WM_RENDERFORMAT, toa ulichoahidi. Asipopesti mtu hujapoteza kitu. Programu ikifungwa kabla deni halijalipwa inakuja WM_RENDERALLFORMATS, hapo unalipa yote. X11, mfumo wa madirisha kwenye Linux, ndo kabisa, yenyewe haitunzi chochote, programu iliyokopi inajitangaza kuwa mwenye mali tu na anayepesti anaenda kumuuliza yeye, kwa hiyo ukiifunga hiyo programu na hakuna meneja wa klipubodi, yaani programu ya pembeni inayotunza nakala, data imekwenda. Watu wanalalamika Linux inasahau, kumbe haikuwahi kushika.

Haya, bagi yangu. Fomati ya HTML ya Windows ina kichwa chenye namba, StartHTML, EndHTML, StartFragment, EndFragment, zinazosema kipande kinaanzia wapi kinaishia wapi. Namba hizo ni baiti za UTF-8, mfumo wa kuandika herufi ambamo herufi moja inaweza kuchukua baiti zaidi ya moja. Mimi nikahesabu herufi! Na kwa kuwa nilijaribia Kiswahili kitupu, herufi moja baiti moja, kila jaribio likapita safi. Akaja mtumiaji na maandishi yenye zile alama za kunukuu zilizojipinda, kila moja baiti 3, jozi moja tu na herufi 4 za mwisho zinaliwa. Siku mbili nzima namlaumu anayepesti.

Kudragi na kudropu ukikujua huku juu hakuna jipya sana, IDataObject, kifurushi kinachobeba data kwa fomati zake zote, ni ileile inayoweza kutumika kwenye klipubodi, tofauti kukopi na kupesti vinafanyika kwa mwendo mmoja wa mausi. DoDragDrop, ile unayoiita kuanzisha kudragi, hairudi mpaka mtu aachie kitufe au aghairi. Upande wa kupokea, DragEnter, inayoitwa mausi ikiingia kwenye dirisha lako, ndo pa kukagua fomati na kusema unakubali kukopi, kuhamisha au hutaki, na DragOver inaitwa mfululizo mausi ikiwa juu ya dirisha, kwa hiyo tafadhali usisomee faili humo. Kwenye kuhamisha, anayefuta cha mwanzo ni aliyetoa, tena afute pale tu jibu likirudi kuwa ni kuhamisha kweli, sio kabla.

Na kama kila kitu kiko sawa ila faili kutoka Explorer, dirisha la mafaili la Windows, linagoma kuingia, mshale unaonyesha alama ya kukataa tu, cheki kama programu yako umeiwasha kama adimini. Kuanzia Windows Vista, programu ya kawaida hairuhusiwi kudropu kitu kwenye yenye mamlaka ya juu yake, na ukiiendesha kupitia kihariri cha kodi ulichokiwasha kama adimini, nayo inarithi mamlaka hayohayo kimyakimya.