Je, wajua kwa nini monita pana haina kebo yake maalumu?

Monita pana ya 21:9 (upana 21 kwa kimo 9) ikionyesha picha yenye weusi kushoto na kulia, mshukiwa wa kwanza huwa kebo. Husemwa kwamba kebo ile ilitengenezwa enzi za skrini za 16:9, ndiyo maana picha haifiki pembeni. Ni maelezo yanayoingia akilini haraka, ila si kweli.

Kebo haijui umbo la skrini. Ndani ya HDMI au DisplayPort, aina mbili za kebo za video, hakuna picha inayopita ikiwa imetandazwa. Zinazopita ni biti, zikifuatana: mstari wa juu kabisa wa skrini, kisha wa pili, hadi wa mwisho. Mfano wake ni ukili. Msusi husuka kwanza utepe mwembamba mrefu, na mkeka huja baadaye, utepe unapounganishwa na kushonwa. Ukili uleule hutoa mkeka mwembamba au mpana, na ukiutazama ungali utepe huwezi kujua utakuwa upi. Kebo hupitisha ukili tu. Mkeka hushonwa kwenye monita. Kinachoweza kuishinda kebo ni urefu wa ukili unaotakiwa kupita kila sekunde.

Na kwa kipimo hicho monita pana si mzigo mkubwa. Ile ya 3440 kwa 1440 ina pikseli (nukta za picha) 4,953,600, wakati skrini ya 4K, isiyoonekana kuwa ya ajabu, ina 8,294,400. Kebo inayobeba 4K kwa Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, inaibeba monita pana kwa kasi hiyohiyo na nafasi inabaki.

Weusi wa pembeni basi hutoka wapi? Kabla ya picha yoyote kutumwa, monita huitumia kompyuta maelezo mafupi yaitwayo EDID, yenye kurasa za baiti 128, yakitaja vipimo inavyovikubali. Maelezo hayo yakipotea njiani, mara nyingi kwa sababu ya adapta au swichi iliyowekwa katikati, kompyuta huchagua kipimo cha tahadhari kama 1920 kwa 1080. Visanduku vya televisheni, kwa upande wao, kwa kawaida havitengenezi picha ya 21:9 hata kidogo. Hapo kebo yenye ncha za dhahabu haisaidii. Dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu.

Kikomo cha kweli kipo kwenye kasi, na hapa ndipo penye kioja. HDMI 1.4, toleo la zamani, hupitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, na 8.16 kati ya hizo ndizo data yenyewe. Monita ya 3440 kwa 1440 kwa Hz 60, kwa rangi za kawaida za biti 8, huhitaji takriban 7.7. Inatosha, tena kwa shida. Hata hivyo kompyuta kadhaa za kizazi hicho hukwama Hz 50, kwa kuwa matundu yake yalipimwa kwa 4K ya Hz 30, inayotaka megahezi 297 (mamilioni ya pikseli kwa sekunde, pamoja na nafasi tupu kati ya mistari na picha). Monita pana kwa Hz 60 hutaka kama 320. Kwa Hz 50, kama 265. Kubadilisha kebo hapo ni kupoteza hela.

HDMI 2.0 ya mwaka 2013, yenye gigabiti 18, hufika Hz 100. Kwa Hz 144 chukua DisplayPort 1.4 au HDMI 2.1, na hapo ndipo kebo hafifu au ndefu mno huumbuka. Lakini dalili zake ni vimulimuli na skrini kuzimika ghafla, si picha kupungua upana.

Tahadhari mbili. Kebo nyingi za USB-C za kuchajia hazina nyaya za kupitisha video, ingawa kwa nje zinafanana na zile zinazoweza. Na adapta ndogo ya kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda monita ya HDMI kwa kawaida haifanyi kazi ikigeuzwa: kutoka HDMI kwenda DisplayPort panahitajika kigeuzi chenye saketi yake, ambacho mara nyingi huwa na waya wa ziada wa umeme.