Punje za kompyuta: maji na hewa vikichanganyikana

Chukua dumu la lita 20 lililojaa, lipindue mdomo chini. Maji hayatoki mfululizo, yanatoka kidogo, dumu linakoroma, hewa inapenya na mapovu yake, maji tena. Huku Mtwara kila mtu kalisikia hilo koromo uani kwao, ila kulipigia hesabu kwenye kompyuta ni shughuli pevu maana mpaka wa maji na hewa hautulii.

Njia iliyozoeleka ni kama kutega wavu: unagawa eneo vijitundu visivyosogea, unahesabu kinachopita kila tundu. Njia ya punje, kwa Kiingereza Smoothed Particle Hydrodynamics, kifupi chake SPH, inaachana na wavu inafuata samaki mwenyewe. Maji unayakata punje malaki au mamilioni, na kila punje (sio molekuli jamani, ni kipande tu cha maji) inabeba uzito, spidi na presha yake, inacheki majirani waliomo kwenye duara lake dogo, wa karibu anahesabiwa zaidi, ikijikuta imebanwa inasukuma, kama korosho kwenye gunia ukizamisha mkono. Inasogea kiduchu, hesabu inaanza upya, maelfu ya raundi kwa sekunde moja tu ya maji. Ilianza 1977 kwa ajili ya nyota huko angani, wanasayansi Gingold na Monaghan upande mmoja, mwenzao Lucy kivyake, maji ya kawaida yakaja baadaye.

Raha yake ni kwamba mpaka huuchori, punje ya maji inabaki maji na ya hewa inabaki hewa popote zitakapokwenda. Kasheshe ni uzito: mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1000 hivi, ya hewa kilo 1.2. Sasa punje ya hewa iliyokaa ubavuni mwa maji ikipiga wastani na majirani inajiona nzito kupita kiasi, presha ya uongo inapanda, inarushwa huko na programu inalipuka, yaani namba zinapaa ovyo. Dawa mojawapo ni kuhesabu idadi ya majirani badala ya kilo zao, halafu kila punje inatumia uzito wake yenyewe.

Msije mkadhani bomba zima la gesi la Mtwara mpaka Dar, kilomita zaidi ya 500, linapigwa hivi, punje zingekuwa hazihesabiki. Hii ni ya sehemu fupi zenye vurugu, wimbi linapojivunjia kwenye ngalawa, au hilo dumu letu, na hapo napo mashine inaweza kukesha usiku kucha ikupe sekunde chache za koromo.