Matabishi kwa waliokuhamisha nyumba: yanayosemwa Goma, na ukweli wake

Kuhama nyumba hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kunakula pesa kabla hata kijiko hakijatoka jikoni. Mwenye nyumba anataka garanti, ile pesa ya dhamana. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3, ila wapangaji wengi wameshakutana na anayedai zaidi. Komisionere, yaani dalali wa nyumba, naye anachukua chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mzima, kwa kukufikisha mlangoni. Tunanung'unika, lakini tunalipa. Kisha anakuja kijana na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anatoa kitanda, frigo na magunia ya vyombo mtaa wa Himbi hadi mtaa wa Majengo, na hapo ndipo tunapoanza kuhesabu mia mbili mbili, tukitafuta sababu za kutomwongezea matabishi, yaani bakshishi juu ya bei. Sababu hizo nimezisikia miaka mingi, barazani na barabarani. Nyingi hazina msingi, na nyingine zinawadhulumu watu.

«Tulipatana bei. Ya ziada ni ya nini?»

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Bei mliyopatana ndiyo deni, matabishi si deni. Ukishalipa bei yote, huna la kulaumiwa, na mfanyakazi anayeng'ang'ania matabishi kana kwamba ni haki yake anakosea.

Lakini swali la kwanza ni hili: mlipatana juu ya nini? Mara nyingi mapatano yanafanyika njiani, kijana akiwa hajaweka mguu ndani ya nyumba. Anaambiwa, "Ni vitu kidogo tu, kitanda na viti." Akifika anakuta kabati la milango mitatu, frigo, pipa la maji, meza ya mbao ngumu. Na huko mnakohamia, kutoka barabarani hadi kwenye parsele, yaani kiwanja chenu, ni mawe matupu ya volkano, chukudu haipiti, kila kitu kinashushwa na kubebwa begani. Ndipo unasikia:

"Mama, hili kabati hukulisema."

"Fanya tu, papa. Nitakuwekea matabishi."

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kazi iliyoongezeka ni bei, haifai kuitwa matabishi. Kabati ambalo halikutajwa mlipatanie upya kabla halijanyanyuliwa. Ukilitia kwenye matabishi, jasho la mtu umeligeuza kuwa hisani yako: utatoa ukipenda, kiasi utakachopenda, naye hana pa kudai. Nimeona watu wazima wakisimama mlangoni jua likizama, wakingojea "kitu kidogo" walichoahidiwa, na mwenye nyumba yuko ndani anapanga viti. Ni jambo la aibu, na aibu hiyo si ya wanaongojea.

Matabishi yanaanza pale bei ya haki imeshalipwa yote. Yanamfaa aliyekuunganishia kitanda bila kuombwa, au aliyesubiri mvua ipite huku ametandaza turubai lake juu ya godoro lako. Yanamfaa aliyekwambia mapema, "Hii sahani ya kioo ibebe mwenyewe, mama, njia ni mbaya." Mambo hayo hayamo kwenye bei yoyote. Ni moyo wa mtu, na ndio unaoshukuriwa.

Kwa upande wangu, tukipatana faranga 60,000 natenga 6,000 kando tangu asubuhi, kabla pesa hazijatawanyika. Si kanuni ya mtu mwingine. Inanisaidia tu kutofika jioni na mfuko mtupu.

«Chukudu ndiyo inabeba, yeye anasukuma tu»

Anayesema hivi hajawahi kuisukuma. Chukudu ni mbao, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na usukani. Haina injini. Ikiteremka kutoka Kibumba na makaa au kabichi inakwenda kwa uzito wake, na kazi ya mwenyewe ni kuizuia isimshinde. Ndani ya mji mambo ni mengine. Goma imelala kwenye mteremko, volkano ya Nyiragongo kaskazini na Ziwa Kivu kusini. Anayetoka Majengo kwenda Himbi anashuka. Anayetoka Himbi kwenda Majengo anapanda, na umbali ni uleule. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na kwenye mitaa iliyojengwa juu yake gurudumu la mbao linagonga jiwe kila hatua. Kwa hiyo unapopatana bei, taja unakotoka, unakokwenda, na njia ya mwisho ilivyo. Mji huu uliisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, kila mgeni anaipiga picha. Anayeisukuma ile ya mbao anastahili bei inayohesabu mlima.

Ndugu wa hoja hiyo ni ile ya kwamba "wale wamezoea, wana nguvu". Mgongo hauzoei. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilisema mzigo anaobebeshwa mwanamume mzima peke yake usizidi kilo 55. Mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50. Frigo ya kawaida inaweza kuupita. Hakuna matabishi yanayofidia mgongo ulioteguka kwenye ngazi za mawe, hasa kwa mtu ambaye kesho asipofanya kazi watoto hawali. Kama kitu ni kizito, lipa watu wawili. Hiyo ni heshima kubwa kuliko noti utakayompa mmoja jioni.

«Wale wa gari wana bosi, bosi atawalipa»

Ukikodi Fuso au gari dogo la mizigo, uliza neno moja kabla ya kutoa pesa: bei hii ina wabebaji ndani? Mara nyingi shofa anataja bei ya gari na mafuta tu. Wapakiaji ni vijana waliookotwa pale magari yanaposimama, hawana mkataba na mtu yeyote. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa faranga 7,075 kwa siku, nacho kimepandishwa baadaye, lakini kinamlinda aliyeajiriwa, mwenye mwajiri wa kumshtaki. Kijana wa kupakia hana mwajiri zaidi ya wewe kwa saa zile chache. Msipoliweka wazi mapema, jioni shofa atawasha gari aondoke, na utabaki na watu wanne wanaokuangalia. Pesa watakazodai wakati huo ni ujira wao, hata kama utaziita matabishi.

«Usipowapa watakuvunjia, au watakuibia»

Hoja hii inaniudhi kuliko zote. Inamfanya kila mtu maskini kuwa mwizi anayesubiri sababu. Anayevunja sahani mara nyingi anavunja kwa sababu ilitiwa ndani ya gunia pamoja na sufuria, bila nguo kati yake. Kinachokinga vyombo ni kufunga vizuri: glasi ndani ya mashuka, vitu vidogo kwenye ndoo zenye vifuniko, vipande vya kitanda vifungwe pamoja na skrubu zake zitiwe kwenye mfuko mmoja. Kinachokinga mali ni kuandika orodha na kuwa na mtu wako pande zote mbili, mmoja anayetoa na mmoja anayepokea. Pesa, karatasi za shule, kadi za uchaguzi na simu vibebe mwenyewe. Ukishafanya hayo, mpe mtu matabishi kwa shukrani, usimpe kwa woga.

Na kitu kikivunjika kweli? Mzungumzie palepale, kila mtu akiwepo. Kama alikuwa mzembe, mkubaliane kiasi cha kupunguza. Kama njia ilikuwa mbaya na wewe ndiye uliyesema apite hapo, beba sehemu yako. Kunyamaza hadi mwisho, halafu kukata nusu ya bei bila maelezo, ndiko kunakoleta vita kwenye mtaa ambao hata majirani hujawajua.

«Wape Primus mbili, watafurahi»

Watafurahi, ndiyo, lakini kazi ikiisha. Anayepewa bia au kasiksi, pombe ya ndizi, saa nne asubuhi ndiye atakayeshika upande wa chini wa frigo saa sita. Wakati wa kazi toa maji, mengi, na chai nzito au mandazi kama unaweza. Mchana chakula kinachoshiba: fufu, maharage, sombe, ndagala kama ipo. Ukipika, watengee mahali pa kukaa na maji ya kunawa, kama unavyomtengea mgeni.

Ila chakula kisiwe hila ya kupunguza bei. Mke wake na watoto hawakula ile fufu.

«Mpe kapita, atawagawia»

Kapita ni msimamizi wa wabebaji. Wengine wanagawa kwa haki. Wengine hawagawi, na aliyekuwa juu ya gari tangu asubuhi anaambiwa mama hakutoa kitu. Bei mkabidhi kapita mbele ya wote, ukitaja kiasi kwa sauti. Matabishi yatie mkononi mwa kila mmoja. Ukiwa na pesa ndogo, gawa sawa kwa sawa. Aliyebeba matandiko alitembea njia ileile na aliyebeba kabati.

«Hiyo ni desturi ya wazungu»

Hao wazungu wenyewe hawakubaliani. Marekani wateja wengi huwaongezea wahamishaji dola kadhaa kwa kila mtu au asilimia ya bili, na bado wanabishana kama ni lazima, kwa sababu wafanyakazi wengi wanalipwa kwa saa na kampuni. Na nje ya wazungu, Japani kutoa bakshishi si mazoea ya kawaida. Kwetu Kivu, mtu aliyekusaidia kuezeka nyumba haondoki mikono mitupu. Hilo hatukulipokea kwa mgeni yeyote.

«Vijana wa mtaa ni watoto wetu»

Ni kweli, na hapa inabidi kuangalia uso wa mtu. Shemeji, vijana wa korali, mtoto wa jirani uliyemlea pamoja na wako: ukimtolea noti anaweza kuona umemfanya mgeni. Hao unawalisha vizuri, na siku yao ikifika unakwenda bila kuitwa. Lakini kijana anayekaa kona ya avenyu akingoja kazi ni kibarua, hata kama anakuita mama na wewe unamwita mwanangu. Udugu usitumike kumnyima bei. Njia nzuri ni kumuuliza mapema, pembeni: "Mwanangu, leo unanisaidia au unafanya kazi?" Atakujibu bila kuona haya.

«Pesa ni pesa»

Si zote. Dola iliyochanika kidogo pembeni, yenye doa au alama ya kalamu, hapa kwetu haipokelewi. Na noti ya dola moja wengi wanaikataa hata ikiwa safi. Ukimpa mtu noti ya namna hiyo kama matabishi, umempa usumbufu: atazunguka nayo kwa wabadilishaji pesa wa mtaa wa Birere na kuiacha kwa hasara. Toa faranga, noti ndogo nzima nzima, ambazo anaweza kununulia unga jioni ileile. Tangu benki za mji zifunge milango Januari 2025, noti nzuri ni za kutafuta, kwa hiyo anza kuzikusanya siku kadhaa kabla ya kuhama.

Ukituma kwa simu, iwe Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, muulize kwanza ana laini gani, maana kuna anayetumia namba ya dada yake. Ongeza na ya kutolea, ili kile ulichotamka ndicho atakachoshika mkononi. Na umtumie akiwa bado amesimama hapo, ujumbe uingie mbele ya macho yake, ndipo aigeuze chukudu aende.