Urithi haugawanywi siku ya mazishi

Familia ikija kwangu na mzozo wa mirathi, ombi langu la kwanza ni kwamba wasikubaliane lolote kuhusu mali hadi tukutane tena. Wengi hushangaa. Wamelipa nauli, wengine wametoka mashambani, nami nawaambia wangoje!

Mimi ni mpatanishi hapa Nairobi. Kesi nyingi hunijia kutoka Mahakama Kuu ya Milimani, ambako upatanishi chini ya mahakama ulianza kwa majaribio mwaka 2016. Sina mamlaka ya kuamua. Nina siku 60 tu za kuwasaidia wenyewe waamue.

Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, nayo inajua kungoja. Ombi la kusimamia mali likishawasilishwa, tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ya kusimamia mali ikitolewa, kwa kawaida miezi 6 hupita kabla mahakama haijaithibitisha, na kabla ya hapo msimamizi haruhusiwi kugawa mali. Watu huona wanacheleweshwa. Mimi nauthamini muda huo: wadai hujitokeza, mtoto ambaye familia haikumjua hufahamika, na watu humaliza kulia. Anayetia sahihi matanga yakiwa bado mabichi mara nyingi huachilia mengi kuliko anavyotaka, ili asionekane mchoyo mbele ya wajomba. Baadaye hurudi na wakili.

Kunyamaza mezani ni kugumu zaidi. Tuseme mmoja ametamka, "Nipeni ploti ya Kayole, nyingine chukueni." Wote hunigeukia. Mpatanishi mgeni wa kazi hukimbilia kufafanua, kupunguza makali, kupendekeza. Mimi huweka kalamu chini, nikamtazama aliyesema. Mara nyingi ataongeza jambo la pili, na mzozo umo humo: kwamba ni yeye aliyemuuguza baba hadi mwisho, na hakuna aliyemwambia ahsante. Ningetia neno langu, hilo lisingetoka, nasi tungeshinda tukibishana bei ya ploti.

Lakini uko ukimya wa mwenye nacho, na huo siuvumilii. Kaka anayekusanya kodi za nyumba za marehemu hana haraka ya kikao; kila kikao kikiahirishwa, kodi ya mwezi mwingine inaingia mfukoni mwake, huku mjane akidaiwa karo. Ndiyo maana hujiuliza: kungoja huku kunamgharimu nani? Kukiwagharimu wote sawa, tungoje. Kukimgharimu mmoja, jambo dogo liamuliwe leo leo: kodi iingie akaunti ya pamoja, karo itoke humo, hesabu ionyeshwe kila mwezi. Mgao mkubwa unaweza kusubiri. Mali ikiwa inaporwa, mahakama inaweza kutoa kibali cha muda cha kuilinda tu, bila kuigawa.

Nawahofia hasa wanaonyamaza kwa heshima. Aliyekuwa akimtegemea marehemu, akaachwa bila fungu la kumtosha, anaweza kuiomba mahakama imtengee, ila afanye hivyo kabla hati haijathibitishwa. Ikishathibitishwa, ombi hilo halipokelewi tena. Kwa hiyo nikiona mjane au binti amekaa tangu asubuhi bila kutamka neno, husimamisha kikao, nikamwita chumba cha pili bila kaka wala mashemeji, nikamweleza sharti hilo na kumsihi amwone wakili kabla ya kutia sahihi chochote.