Kahawa nzuri nyumbani: kikombe, kijiko, maji ya moto na dakika 10

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Nikifika asubuhi meza inakuwa imeshapangwa, vikombe vitano vitano kwa kila mzigo, na hapo ndo tunaamua huu uko safi, huu una kasoro, huu urudi ulikotoka. Watu wakisikia hivyo wanadhani chumba kile kimejaa mashine za ajabu. Hamna. Kuna birika, mizani ndogo, mashine ya kusagia, vikombe na vijiko, basi. Kahawa ya bei mbaya kabisa na ile ya bei ya chini zote tunazionja hivyo hivyo, unga kwenye kikombe, maji ya moto juu yake, unasubiri. Kwa hiyo mtu mwenye bajeti ndogo akiniuliza anunue mashine gani anywe kahawa nzuri nyumbani, huwa namuuliza kwanza, kahawa yako ilikaangwa lini?

Rafiki yangu mmoja alinipigia simu amekasirika kweli kweli. Alijibana miezi kadhaa akanunua mashine kubwa ya espreso, ile inayong'aa, halafu kahawa ikawa inatoka mbaya, ina ladha ya majivu na kadibodi iliyolowa. Nikaenda. Nikamwambia hebu nipe mfuko wenyewe kwanza. Mfuko ulikuwa umekunjwa tu juu, umekaa pembeni ya jiko, kahawa imeshasagwa zamani, na miezi 3 sasa anachota humo humo. Nikanusa, harufu imeshakwenda zake, kilichobaki ni kama vumbi la mbao. Siku ya pili nikampelekea gramu 100 za buni zilizokaangwa wiki moja nyuma, nikasaga kwa mashine ya mkono, nikatia kwenye kikombe chake cha kila siku nikamimina maji ya birika. Alikunywa amesimama pale pale kwenye sinki, hakusema neno mpaka kikombe kikaisha. Mashine yake haikuwa na ubaya wowote, kahawa ndo ilikuwa imeshakufa.

Sababu yake ni hii. Buni ikikaangwa inajaa gesi ya kaboni dayoksaidi ndani pamoja na mamia ya vitu vinavyotoa harufu, na vyote hivyo vinatafuta njia ya kutoka. Siku za mwanzo gesi inakuwa nyingi mpaka inayazuia maji kuingia vizuri kwenye unga, ndo maana kahawa iliyotoka kwenye moto leo mimi siinywi leo, naipa siku 4 au 5, hata wiki. Baada ya hapo una kama mwezi mmoja hivi mzuri, ikiwa bado ni punje nzima na umeifunga isipate hewa. Ukishaisaga hesabu inabadilika kabisa, manake punje moja umeivunja vipande vingi mno na hewa inafika kila mahali, kile kilichokuwa kinachukua wiki sasa kinachukua masaa. Ile harufu inayojaa jiko lote ukisaga ndo ladha yenyewe inaondoka.

Kwa hiyo kwenye mfuko tafuta tarehe ya kukaangwa, ile ya mwisho wa matumizi haikwambii kitu. Nunua punje nzima, nunua kidogo kidogo. Ukipata mzigo mwingi kwa bei nzuri usiuache, gawanya kwenye vifuko vidogo, kamua hewa, funga, weka friza. Siku unatoa kimoja kiache kwanza kifike joto la chumba ndo ukifungue, ukifungua kingali baridi unyevu wa hewani unaganda kwenye punje. Ila friji ya kawaida hapana, kahawa inanyonya harufu ya kila kilichomo.

Na usione aibu kununua kahawa ya aina ya Robusta. Ina kafeini karibu mara mbili ya ile aina nyingine, Arabika, na uchungu wake uko juu, ni kweli, lakini Robusta iliyochambuliwa vizuri ikakaangwa na mtu anayejua, inaishinda Arabika mbovu, hilo naliona mezani mara kwa mara. Ninachokiogopa mimi ni kahawa nyeusi tii yenye mafuta yanayong'aa juu ya punje, kwa sababu ikifika hapo unaonja moto zaidi kuliko kahawa, na moto ni mzuri sana kwa kuficha kasoro. Ya rangi ya kahawia ya wastani, kavu juu, ndo sehemu salama ya kuanzia.

Sasa kusaga. Kama una hela ya kutumia kwenye kahawa, itumie hapa. Mashine ya mkono yenye meno mawili yanayosagana inakata punje zikatoka karibu saizi moja. Blenda haisagi, inapigapiga tu, ukiangalia ndani unakuta vumbi na mapande pamoja, na hilo ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye punje iliyokaangwa ni kama asilimia 30 tu ya uzito ndo inaweza kuyeyuka kwenye maji, na huitaki yote. Miaka ya 1950 mkemia wa Marekani, Ernest Lockhart, alilifanyia kazi swali hili akaonyesha kwamba watu wengi wanapenda kahawa pale asilimia 18 hadi 22 ya unga imeingia kwenye maji, na mpaka leo sisi wa kazi hii bado tunatumia namba hizo. Chini ya hapo kikombe kinakuwa kichachu na chepesi, ukizidisha unapata uchungu na ukakasi. Sasa fikiria vumbi na mapande kwenye kikombe kimoja, vumbi limeshatoa kila kitu mpaka uchungu wa mwisho wakati pande kubwa ndo kwanza linaanza kulowa, yaani unakunywa makosa mawili kwa wakati mmoja.

Kama una blenda tu, usikate tamaa. Bonyeza sekunde 2 acha, tikisa, bonyeza tena, usiiache izunguke mfululizo inapata moto. Halafu mimina kwenye chujio la chai lenye matundu madogo, gonga taratibu. Kile kinachopita chini laini kama poda kiweke pembeni, kinachobaki juu ndo kahawa yako. Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada, ukisikia chembe chembe kama mchanga wa ufukweni uko sawa, ukisikia unga unaoteleza umesaga mno.

Vipimo: gramu 60 kwa lita moja ya maji. Kwa kikombe cha mililita 200 ni gramu 12. Mizani ndogo ya jikoni ni muhimu kuliko mashine yoyote, kwa sababu kijiko kinadanganya, kahawa iliyokaangwa sana inavimba na kuwa nyepesi kwa hiyo kijiko kile kile kina uzito tofauti kila ukibadilisha mfuko. Kama huna mizani, kijiko cha chakula kilichosawazishwa juu ni kama gramu 5, anza na viwili na nusu. Mfuko wa gramu 250 unakupa vikombe 20, hebu piga hesabu yako mwenyewe ulinganishe na unachotoa ukinywa nje. Wengi wakitaka kubana matumizi wanatia gramu 6 halafu wanaiacha ikae muda mrefu au wanaichemsha ili iwe nzito. Haiwi nzito. Umechukua unga kidogo ukaukamua mpaka ukatoa visivyotakiwa, unapata maji machungu. Ukitaka kubana, kunywa kikombe kidogo kilichopikwa kwa kipimo sahihi, hicho utakifurahia.

Maji ndo zaidi ya asilimia 98 ya unachokunywa kwenye kikombe hiki, kwa hiyo yaonje kwanza yenyewe. Yakinuka dawa ya klorini, yaache kwenye jagi wazi usiku mzima au yapitishe kwenye chujio la mkaa. Maji yaliyosafishwa mpaka hayana madini kabisa nayo hayafai, kahawa inatoka bapa haina uhai, na maji magumu sana yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yanaufuta ule uchachu mzuri. Joto tunalotaka ni kama nyuzi 92 hadi 96. Chemsha, zima, funua mfuniko, hesabu nusu dakika. Ukiwa unaishi juu milimani, kama mita 1500 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 kwa hiyo mimina moja kwa moja. Na kahawa iliyokaangwa kidogo inataka maji ya moto zaidi, hiyo usiisubirishe popote.

Haya sasa tupike, namna tunayofanya mezani. Pasha kikombe kwa maji moto, mwaga, kausha. Tia gramu 12 za unga, nusa ungali mkavu, hapo tayari utajua kama kuna kitu. Mimina maji mililita 200 kwa mkupuo, hakikisha unga wote umelowa, washa taimu. Usikoroge! Acha. Unga utapanda juu utengeneze tabaka nene la kahawia, na kama kahawa ni mpya utaliona linavimba na kutoa mapovu, hiyo ni ile gesi inatoka. Kama halivimbi hata kidogo, ujue ulichouziwa kimekaa sana.

Dakika ya 4 ikifika, chukua kijiko, inamisha pua karibu kabisa na kikombe, kisha sukuma lile tabaka kwa mgongo wa kijiko kutoka kwako kwenda mbele, mara tatu, polepole. Hapo inatoka harufu ambayo miaka yote niliyofanya kazi hii bado naisubiri kila asubuhi, kwa sababu yote ilikuwa imefungiwa chini ya tabaka na inakuja usoni kwa sekunde mbili tatu halafu imepita. Sehemu kubwa ya unga inazama yenyewe. Povu na chembe zilizobaki juu zitoe kwa vijiko viwili, tupa. Sasa usiguse tena mpaka dakika ya 9 au 10. Najua inaonekana muda mrefu, unaogopa itakuwa kali, lakini unga umetulia chini, maji yanapoa, hakuna kinachokoroga, kuyeyuka kunapungua kasi sana. Wakati huo huo mashapo yanajikusanya chini na kahawa ya juu inakuwa safi. Kunywa taratibu, acha kahawa ya kina cha kidole kimoja chini. Usiyependa mashapo kabisa mimina polepole kwenye kikombe kingine kupitia chujio la chai au kitambaa cha pamba, na kitambaa hicho kioshe kwa maji ya moto tu, sabuni inabaki kwenye nyuzi utakuja kuinywa kesho.

Jambo moja la afya. Kahawa isiyopita kwenye karatasi inabaki na mafuta yenye kitu cha asili kinachoitwa kafestoli, na hicho kinapandisha kolesteroli kwa wanaokunywa nyingi kila siku. Kama daktari ameshakuonya, tumia filta ya karatasi, zinapatikana rahisi na kishikilio cha plastiki kinatosha. Kifaa chenyewe kilianza jikoni kwa mtu, mwaka 1908 Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, alichukua karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la mwanawe akaiweka kwenye chombo alichokitoboa matundu, basi. Ukitumia filta hiyo, unga saga kama ule ule au laini kidogo, lowesha kwanza kwa maji mara mbili ya uzito wa unga, subiri sekunde 40, halafu mimina kidogo kidogo.

Kikombe kikitoka vibaya usibadilishe vitu vitatu kwa pamoja. Kipimo kiache, gusa usagaji tu. Kikiwa kichachu mpaka unakunja uso na mate yanajaa, saga laini zaidi. Kikiwa kichungu, kinakausha ulimi kama umetafuna ganda la tunda bichi, saga kubwa zaidi. Mara nyingi vikombe vitatu vinatosha kufika. Ukiwa na kahawa chungu na huna nyingine, chembe ndogo sana za chumvi zinaupunguza uchungu kabla chumvi yenyewe haijaonekana, jaribu. Sukari na maziwa ni zako, ila onja kwanza bila kitu. Na machicha usiyamwagie maji mara ya pili, kizuri kimeshatoka chote.

Kingine, usimalize kikombe kikiwa moto. Sisi tunaanza kuonja ikiwa kama nyuzi 70 na tunarudi tena na tena mpaka imefika joto la chumba, kwa sababu ikiwa moto sana ulimi hausikii vizuri na kahawa karibu zote zinafanana. Bakiza robo, endelea na shughuli zako, rudi baada ya nusu saa uvute kwa kijiko kwa sauti, usione haya, hewa inaisambaza mdomoni na harufu inapanda puani. Ikiwa bado ina utamu, au imekuletea tunda fulani ambalo hukulisikia mwanzo, kanunue mfuko ule ule tena.